Gita Lisilo na Noti ya Tatu

Mhadhara wa umma, Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala



Naanza na hoja yenyewe. Tangu miaka ya 1950 gita limekuwa sauti ya kadongo kamu, muziki wetu wa kusimulia, hapa Kampala. Christopher Ssebaduka, Elly Wamala na Fred Masagazi walilifanya lisimulie mapenzi, misiba na siasa za nyumba zetu. Hata hivyo, kuna mahali pamoja ambapo gita na ala za kale za Buganda hazijapata kuelewana, napo ni kwenye noti ya tatu. Nasema kwamba tukiiondoa noti hiyo katika tyuni, gita linaweza kukaa jamvi moja na endongo ya nyuzi na amadinda ya funguo za mbao. Nitaeleza kwa hesabu, kwa historia, na kwa gita hili nililolishika.

Kodi inayoning'inia

Kodi ya kawaida ina noti ya kwanza, ya tatu na ya tano. Ya tatu ndiyo inayoamua kama kodi ni meja au maina. Iondoe, weka ya nne au ya pili mahali pake, na kodi inaning'inia: haijatua, wala haijasema kama inacheka au inalia.

Kuna tyuni inayoligeuza gita zima kuwa kodi ya namna hiyo. Wapiga gita huitaja kwa herufi zake, DADGAD, kuanzia uzi mnene hadi mwembamba. Kutoka tyuni ya kawaida, uzi wa sita, wa pili na wa kwanza hushushwa toni moja kila mmoja. Piga nyuzi zote wazi, na utasikia noti tatu tu: D, G na A. Mwingereza Davey Graham aliianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya kukaa Tangier, Moroko, na kutaka gita lake liandamane na wapiga udi. Udi, ala wanayoijua vizuri wapenzi wa taarabu wa Unguja, hauna freti. Mpigaji huitafuta sauti kwa kidole na sikio. Pierre Bensusan, aliyezaliwa Oran, Aljeria, mwaka 1957, ameijenga kazi yake ya gita juu ya tyuni hiyo hiyo.

Kwa hiyo tyuni hii ilizaliwa gita lilipokutana na muziki wa Afrika ya Kaskazini. Sisi tunaweza kuipa kazi nyingine.

Senti 240

Mwaka 1885 Alexander Ellis alitupa kipimo cha senti: oktava moja ni senti 1200. Freti za gita huigawa oktava hiyo mara 12, senti 100 kwa kila hatua. Muziki wa Kiganda una noti tano. Klaus Wachsmann, aliyeanza kuongoza Jumba la Makumbusho la Uganda mwaka 1948, alirekodi na kupima ala zetu. Mtafiti Gerhard Kubik alijifunza amadinda kwa mpigaji Evaristo Muyinda mwaka 1959 na 1960. Kazi zao zinaonyesha hatua zinazokaribia kulingana, takriban senti 240 kila moja. Fundi hatyuni kwa kikokotoo, na vipimo hutofautiana kutoka ala hadi ala. Lakini wapigaji wenyewe wana ushahidi ulio imara kuliko mashine: miko. Wimbo wa amadinda unaweza kusogezwa ufunguo mmoja juu, kisha mwingine, na ukabaki wimbo ule ule. Kama hatua zingepishana sana, sura yake ingevunjika.

Sasa tuziweke noti za Kiganda kwenye mstari: 0, 240, 480, 720, 960. Noti ya tatu ya meja kwenye gita iko senti 400. Hakuna noti ya Kiganda hapo. Ya karibu iko senti 80 mbali. Ya maina iko 300, nayo imeikosa ya Kiganda kwa senti 60. Ya nne ya gita iko 500, na ya Kiganda 480. Ya tano iko 700, na ya Kiganda 720. Tofauti ni senti 20 tu. Basi katika kodi zote za gita, inayokaribia sana sauti ya Buganda ni ile ya kuning'inia, iliyojengwa kwa noti ya kwanza, ya nne na ya tano.

Tulivyoizoea noti ya tatu

Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, wale wa Kikatoliki, White Fathers, mwaka 1879, na kwaya zikafundisha vizazi vyetu kuimba kwa sauti nne. Mimi nazipenda kwaya hizo. Mtunzi Joseph Kyagambiddwa alionyesha kwa oratorio yake ya Mashahidi wa Uganda ya mwaka 1964 kwamba kanisani pia muziki wa Kiganda una nafasi. Lakini sikio lililofunzwa meja na maina kila Jumapili huanza kusikia tyuni ya babu kama kosa la kurekebishwa. Tazama adungu, kinubi cha Waalur. Leo shuleni nyingi hutyuniwa do, re, mi, ili zicheze kodi za gita.

Kisha lilikuja pigo la tarehe 24 Mei 1966. Jeshi lilishambulia Lubiri, ikulu ya mfalme wa Buganda, Kabaka Mutesa II akakimbilia uhamishoni, ala za kifalme zikaharibiwa na wapigaji wakatawanyika. Mpiga ennanga (kinubi) wa ikulu Temutewo Mukasa tunaweza kumsikia leo kwa sababu alirekodiwa kabla ya hapo. Ufalme ulirudishwa mwaka 1993, mwaka ule ule alipofariki Muyinda.

Gita hili hapa

Naanza na DADGAD. Sasa natumia programu ya tyuni ya simu, lakini siitii. Nyuzi zote mbili za A nazipandisha mpaka sindano ionyeshe senti 20 juu. Uzi wa G naushusha senti 20. Sikilizeni G na A ya juu yake: umbali kati ya noti hizo ulikuwa 200, sasa ni 240. Hiyo ni hatua moja ya amadinda.

Tumepata noti tatu kati ya tano. Kwa zilizobaki, naiacha DADGAD na kuchukua nyuzi mbili nyembamba. Uzi wa pili naurudisha B, kisha naupandisha senti 60. Wa kwanza naurudisha E, naupandisha senti 40. Nyuzi sita sasa ziko kwenye senti 0, 720, 1200, 1680, 2160 na 2640. Kuanzia uzi wa tano, kila jirani yuko senti 480 kutoka kwa mwenzake, yaani hatua mbili za Kiganda. Noti zote tano zimo, na hakuna uzi uliokazwa kiasi cha kukatika.

Freti sizikandamizi, kwa kuwa zitanirudisha kwenye 100. Lakini nikiugusa tu uzi juu ya freti ya 12, unatoa oktava yake safi. Hivyo nina sauti 11 tofauti bila kukandamiza freti hata moja. Dole gumba linapiga okunaga, sehemu ya mpigaji wa kwanza, kidole cha shahada kinaingiza okwawula, sehemu ya wa pili, katikati yake, kama wapigaji wawili wanaotazamana kwenye amadinda. Natia kipande cha karatasi chini ya nyuzi karibu na daraja, na mvumo unaosikika ni jamaa wa ule unaotokea nyuzi za endongo zinapotetema juu ya ngozi ya kenge.

Ninachoomba

Sidai kwamba kadongo kamu iache kodi zake, wala kwamba gita lichukue nafasi ya endongo. Naomba mambo matatu. Somo la kwanza la gita katika idara zetu za muziki lifanyike pembeni ya amadinda, mwanafunzi akityuni kwa kuisikiliza ala ile. Walimu wa shule wawe na angalau adungu moja iliyobaki na tyuni ya wazee. Na wapiga gita wa mjini, wanaporekodi, wajaribu wimbo mmoja kwa nyuzi hizi nilizozieleza.

Tyuni ni uamuzi kuhusu nani atasikika vizuri na nani atasikika amekosea. Kwa muda mrefu uamuzi huo tumeuachia kiwanda kilichopanga freti. Vishikio vya kukazia nyuzi viko mikononi mwetu, na kijana wa Kampala anaweza kuvigeuza leo jioni.