Kijana wa Mkulima na Karatasi za Mkopo



Mwaka 1949 mwalimu kijana wa Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, alisafiri kwenda Uskochi kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh kwa msaada wa masomo. Alirejea mwaka 1952 akiwa na shahada. Huyo ndiye Julius Nyerere. Akili zake husifiwa, na ni haki yake. Lakini husahauliwa kwamba Padri Richard Walsh wa shule hiyo alimhimiza aombe. Palikuwapo mtu aliyeijua njia.

Leo njia ni pana zaidi, ila imejaa karatasi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Mwaka 2022 Serikali ilianzisha ufadhili wa Samia kwa waliofaulu vizuri kabisa masomo ya sayansi Kidato cha Sita. Ufadhili huo haurejeshwi. Mkopo hurejeshwa: sheria iliporekebishwa mwaka 2016, makato ya mwajiriwa yalipanda kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Wazazi waelezwe mapema, maana wako wanaodhani mkopo ni zawadi.

Mwombaji hudaiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Yatima hudaiwa pia cheti cha kifo cha mzazi. Hapa ndipo mtoto wa mnyonge anapokwama. Mathalani, binti ameandikishwa darasa la kwanza kwa jina la babu aliyemlea. Baba yake alizikwa kijijini, na hakuna aliyekwenda wilayani kuandikisha kifo hicho. Cheti cha kuzaliwa kilitafutwa ukubwani, nacho kina jina la baba. Matokeo ya mtihani yanatoka kwa jina la babu. Kwa mujibu wa karatasi, hao ni watu wawili. Binti ni yatima kweli, kijiji kizima kinajua. Lakini mezani kwa Bodi yatima ni mwenye cheti. Matokeo ya Kidato cha Sita kwa kawaida hutoka Julai, na muda wa maombi unaobaki ni wa wiki chache tu. Mtoto wa ofisa hana taabu hiyo, kwani vyeti vyake vimo kabatini tangu azaliwe.

Kwa hiyo kazi ya kulinganisha majina haistahili kungoja Kidato cha Sita. Ianze Kidato cha Tatu, kabla ya mwanafunzi kuandikishwa kwa mtihani wa taifa, kwa sababu jina likishaingia katika kumbukumbu za Baraza la Mitihani, kulirekebisha ni safari ndefu yenye gharama. Mwalimu wa darasa mwenye daftari la mahudhurio mkononi aweza kuifanya kwa siku mbili: jina la daftarini, jina la kwenye cheti, wazazi walio hai na waliofariki.

Watendaji wa vijiji na mitaa nao wanahusika. Fomu ya mkopo huhitaji saini na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na ile desturi ya "njoo kesho" imekwishawapotezea vijana siku zisizorudi. Familia iliyomo katika mpango wa TASAF ikumbushwe kutunza namba yake, kwani nayo huulizwa katika maombi.