Betri Moja, Balbu Moja na Waya Mmoja

Mada iliyotolewa katika mkutano wa wananchi wa kata kuhusu huduma ya elimu ya msingi



Wanachuo wa ualimu wanapofika katika shule za msingi kufanya mazoezi ya kufundisha, wapo wazazi wanaoshangaa kuwaona watoto wamesimama uwanjani wakipima kivuli cha kijiti, ilhali daftari la Sayansi halijaongezeka hata ukurasa. Swali lao ni la haki: mwalimu huyo anafundisha, au anacheza?

Jibu huanzia chuoni. Katika miaka ya 1970, Profesa Lillian McDermott wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, alikuwa akifundisha fizikia kwa watu waliojiandaa kuwa walimu wa shule za msingi. Badala ya mhadhara, mwanachuo hukabidhiwa betri ya tochi, balbu ndogo na kipande kimoja cha waya, akaambiwa awashe taa. Zoezi laonekana dogo mno. Hata hivyo, watu wazima waliofaulu mitihani huunganisha balbu na ncha moja tu ya betri, kisha wakashangaa haiwaki. Neno "sakiti" wanalijua. Wasichokijua ni kwamba umeme huhitaji njia iliyokamilika, itokayo ncha moja ya betri hadi nyingine, na kwamba balbu ina sehemu mbili za kugusa, kitako na ubavu wake wa chuma. Mkufunzi hatoi jibu, huuliza swali jingine. Aliyegundua kwa vidole vyake mwenyewe ndiye atakayetambua, siku mtoto atakapokosea vivyo hivyo, ni wapi hasa alipokwama.

Katika elimu ya anga kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa kila mtu hudhani anaijua. Katika filamu iliyotengenezwa mwaka 1987, wahitimu, wanafunzi na wahadhiri 23 wa Chuo Kikuu cha Harvard waliulizwa kuhusu chanzo cha misimu au sababu ya mwezi kubadilika umbo. Watu 21 walieleza visivyo. Maelezo yaliyosikika sana ni kwamba joto huja dunia inapolikaribia jua.

Nchini Tanzania dhana hiyo ina mtego wa pekee. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, takriban kilomita milioni 147, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, takriban kilomita milioni 152. Januari ni joto, Julai ni kipupwe. Mwalimu asiyetahadhari ataona dhana yake imethibitishwa! Lakini Januari hiyohiyo Ulaya huwa katika baridi kali, nayo iko juu ya dunia ileile. Sababu ni kuinama kwa mhimili wa dunia, na ushahidi wake ni kile kijiti cha uwanjani. Mjini Dodoma, kivuli kifupi kuliko vyote vya siku huelekea kusini mwezi Juni, na kaskazini mwezi Desemba. Mapema Machi na mapema Oktoba hufika siku ambayo kijiti hukosa kivuli kwa muda mfupi.

Kuhusu mwezi, wengi husema umbo lake hubadilika kwa kufunikwa na kivuli cha dunia. Asubuhi ambapo mwezi na jua vyote vinaonekana, mwanachuo huchomeka chungwa kwenye kijiti, akaliinua juani kuelekea upande wa mwezi. Sehemu ya chungwa inayong'aa hufanana umbo na mwezi wenyewe, na hakuna kivuli cha dunia kilichogusa chungwa hilo.

Vifaa hivyo ni vya bei ndogo. Kilicho ghali ni muda. Zoezi la betri laweza kumaliza vipindi kadhaa, na mada chache zaidi zitakamilika kabla ya mtihani wa darasa la saba. Walimu wakuu wana sababu ya kuhofu, wala hofu hiyo isidharauliwe. Ila mada iliyonakiliwa ubaoni na mwalimu asiyeielewa haijakamilika pia, japo daftari limejaa.

Wazazi wana sehemu yao. Mwanachuo akiwapa watoto kazi ya kuchora mwezi kila siku kwa siku 30, penseli na karatasi vinatosha. Mwezi huchomoza kwa kuchelewa takriban dakika 50 kila siku, hivyo baada ya mwezi mpevu mtoto asikeshe akiusubiri. Autazame asubuhi akielekea shuleni. Hilali ichorwe jinsi inavyoonekana, hata ikiwa imelala kama mtumbwi huku picha ya kitabuni ikiionyesha imesimama wima. Mzazi asimsahihishie mtoto mchoro, na siku ya mawingu iachwe wazi, isijazwe kwa kubahatisha.