Safari ya Ukara

Juma lililopita tulisoma habari za samadi. Leo tutasoma habari za safari ya kwenda kuiona kazi ya samadi, katika kisiwa cha Ukara.

Mzee mmoja wa darasa letu, mkulima wa Magu, aliposikia neno Ukara alifunga daftari lake. Akasema, "Mwalimu, ziwa naliona kwa mbali, na kwa mbali linanitosha."

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana mzee alikuwa na sababu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, kikapinduka karibu na gati la Bwisya, Ukara. Walikufa watu zaidi ya 220. Kivuko kile kiliruhusiwa kuchukua abiria 101 tu. Kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa mamia. Nayo ilikuwa imejaza watu kupita kiasi.

Basi, msiitupe hofu ya namna hii. Ichambueni, kama mnavyochambua mchele. Je, unaogopa maji, ama unaogopa chombo kilichojazwa? Maji huwezi kuyapunguza. Lakini wewe sasa unajua kusoma. Kabla ya kupanda, tafuta palipoandikwa idadi ya abiria. Usipopaona, mwulize karani. Kisha tazama watu. Ikiwa wamejaa hata hapana pa kusimama, baki gatini, hata kama umekwisha lipa nauli. Ukiingia, uliza majaketi ya kuokolea maisha yako wapi, ulivae lako.

Mzee alikwenda. Kutoka Mwanza mpaka Nansio alikaa katikati ya meli, hakusema neno. Bugolora alisoma idadi yeye mwenyewe, herufi kwa herufi, akaanza kuhesabu abiria kwa sauti kubwa. Karani alimtazama sana, lakini mzee hakunyamaza mpaka alipomaliza.

Na huko Ukara aliona nini? Kisiwa ni kidogo, watu ni wengi, kwa hiyo shamba halipumzishwi. Wakara wamezoea kufuga ng'ombe ndani, katika shimo, tangu kabla ya kuja kwa Wajerumani. Ng'ombe hukatiwa majani, akaletewa. Majani anayoyaacha huyakanyaga pamoja na mavi yake, yakawa samadi, nayo hupelekwa shambani. Kwetu Usukumani ng'ombe hutembea kutwa, na samadi nyingi hupotea njiani.

Mzee alishika samadi ile, akainusa, akauliza: shimo lina kina gani? Huzolewa mara ngapi? Nani hukata majani wakati wa kiangazi? Aliuliza mpaka jua likaanza kushuka, tukawa sisi wenye hofu, ya kuachwa na kivuko.

Sasa chukueni kalamu. Kwa juma lijalo andikeni mistari mitano: mahali pamoja mnapoogopa kwenda, na jambo lenyewe mnaloliogopa huko.