Malawi: Rais na Mgombea Mwenza

Wananchi wa Malawi walipopiga kura tarehe 16 Septemba 2025, jina la mgombea mwenza lilistahili kutazamwa kwa makini sawa na la mgombea mwenyewe. Peter Mutharika, aliyerudi madarakani kwa takriban asilimia 57 dhidi ya 33 za Rais Lazarus Chakwera, alikuwa na umri wa miaka 85.

Umri huo haupuuzwi. Aprili 2012 kaka yake, Rais Bingu wa Mutharika, alifariki ghafla. Makamu wake, Joyce Banda, aliyeshinda pamoja naye mwaka 2009, alikuwa amekwisha kufukuzwa chamani, na baadhi ya mawaziri walidai hawezi kurithi kiti. Mkuu wa Majeshi, Jenerali Henry Odillo, alisimama upande wa Katiba. Askari wakailinda nyumba ya Banda. Tarehe 7 Aprili aliapishwa, akawa Amiri Jeshi Mkuu. Jeshi lilimtii yule ambaye wapiga kura walikwisha kumweka nafasi ya pili.

Mwenza wa Mutharika mwaka 2025 alikuwa Jaji Jane Ansah, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi mwaka 2019, katika uchaguzi ambao Mahakama iliufuta Februari 2020. Doa hilo si dogo. Lakini wapiga kura walikuwa wamechoshwa na bei ya mahindi na foleni za petroli.

Chakwera naye alikuwa amempoteza Saulos Chilima, aliyefariki Juni 2024 katika ajali ya ndege ya jeshi. Mwaka 2020 wawili hao walishinda kwa zaidi ya asilimia 58. Mwenza mpya, Vitumbiko Mumba, hakuweza kuziba pengo hilo.