MASTAA NA CHIPUKIZI: KUPANGA KIKOSI KWA FEDHA ISIYOTOSHA
(Mazungumzo yetu na vijana wa Malangali, Sumbawanga)

Mmetuomba tuzungumzie mchezo ambao vijana wengi wanaucheza kwenye simu, yaani fantasi, ambapo mtu anaunda timu yake ya kubuni kwa kutumia wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza. Wazazi wengine wanasema ni kamari. Vijana wanasema ni akili. Sisi tunasema inategemea unavyouchezwa, na tutaeleza kwa nini.

Tuanze na kanuni kwa faida ya wazazi. Kujiunga ni bure. Kila mshiriki anapewa fedha za kubuni, pauni milioni 100, anunue wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Haruhusiwi kuchukua zaidi ya watatu kutoka klabu moja. Kila wiki anapanga 11, wanne wanakaa benchi. Wachezaji wake wakicheza, wakifunga au wakitoa pasi ya bao katika mechi za kweli, yeye anapata pointi. Pointi za nahodha aliyemteua zinahesabiwa mara mbili.

Ugumu uko kwenye mgawanyo wa fedha. Milioni 100 kwa watu 15 ni kama milioni 6.7 kwa kila mmoja. Lakini mwanzoni mwa msimu wa 2025/26, bei ya Mohamed Salah ilikuwa milioni 14.5 na ya Erling Haaland milioni 14. Ukiwachukua wote wawili umetumia 28.5. Zinabaki 71.5 kwa watu 13, yaani 5.5 kila mmoja. Ukiongeza staa wa tatu wa milioni 10, wale 12 waliobaki wanagawana 61.5, kama 5.1 kila mmoja. Hapo ndipo kijana anaanza kujaza nafasi kwa majina asiyoyajua. Tunaomba basi tuyaangalie mambo manne.

Kwanza, staa anunuliwe kwa kazi maalumu. Si kweli kwamba mchezaji ghali ni hasara. Msimu wa 2024/25 Salah alianza kwa bei ya milioni 12.5, akafunga mabao 29 na kutoa pasi za mabao 18 katika ligi, akamaliza na pointi 344. Aliyempa unahodha alivuna mara mbili. Lakini nahodha ni mmoja tu kila wiki. Staa wa pili na wa tatu lazima walipe gharama yao bila msaada huo. Kabla ya kuwanunua, jiulize watafanya kazi gani.

Pili, chipukizi asipimwe kwa bei, apimwe kwa dakika. Anayecheza dakika 60 au zaidi anaanza na pointi 2, anayecheza pungufu anapata 1, asiyecheza hapati kitu. Mtu wa benchi anaingia tu pale ambapo mmoja wa wale 11 hakucheza kabisa. Kama naye hachezi katika klabu yake, umebaki na pengo. Kwa hiyo kiungo wa milioni 4.5 anayeanza kila wiki ni mali. Kiungo wa bei hiyohiyo asiyeonekana uwanjani ni kiti kitupu. Sisi wa Ufipa tunalijua jambo hili shambani. Anayemaliza fedha yote kwenye mbolea ya kupandia, akakosa ya kukuzia, mahindi yake yanaanza vizuri kisha yanageuka njano. Ligi hii ina mechi 38, na kikosi kinatakiwa kifike nazo mwisho.

Tatu, bei inasimulia habari za jana. Msimu wa 2015/16 Riyad Mahrez wa Leicester City alianza kwa milioni 5.5 tu. Alifunga mabao 17, Leicester wakawa mabingwa, naye akamaliza na pointi 240. Msimu uliofuata bei yake ilipanda sana, lakini mabao ya ligi yalikuwa 6. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwenye macho humtafuta mtu kabla sifa hazijamfikia.

Nne, tutenganishe mapenzi na hesabu. Februari 2020 Mbwana Samatta aliifungia Aston Villa dhidi ya Bournemouth, akawa Mtanzania wa kwanza kufunga katika ligi ile. Furaha yetu ilikuwa halali. Hata hivyo, hilo lilibaki bao lake pekee la ligi katika klabu hiyo. Kumshangilia ndugu yetu hakuhitaji kumweka kikosini kila wiki.

Ndugu zangu, wanyonge wenye mpango hufika mbali, na mfano tuliupata hapahapa. Tarehe 2 Agosti 2020, katika uwanja wa Nelson Mandela hapa Sumbawanga, Simba walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Namungo ya Ruangwa, timu iliyokuwa katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu. Simba walishinda 2-1, kwa hiyo mastaa walifanya kazi yao. Lakini Simba walikuwa pia mabingwa wa ligi, hivyo Namungo wakapata nafasi ya kwenda Kombe la Shirikisho Afrika, na huko wakafika hatua ya makundi.

Sasa tuseme na wazazi waliouliza habari ya kamari. Mchezo huu ukichezwa bure unamfundisha kijana kupanga, kusubiri na kukubali kwamba fedha ina mwisho. Ukianza kuchangishana fedha ili mshindi achukue zote, au ukiuacha ukaingia kwenye mikeka, umekuwa kitu kingine. Michezo ya kubahatisha hairuhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18, na hata kwa mkubwa hatari iko palepale. Milioni 100 za kubuni zikiisha, msimu ujao utapewa nyingine. Fedha ya mbolea au ada ya mdogo wako ikiisha, hakuna atakayekurudishia.

Kwa walimu wa timu zetu za mitaa, tunaomba jambo moja. Kijana mnayemwita wa akiba mpeni dakika. Hawezi kuwa tegemeo akiwa amekaa benchi mwaka mzima.

Na ninyi vijana, hesabu mnazopiga kwenye simu mzilete kwenye vikundi vyenu vya kuweka na kukopa. Kabla ya kutumia shilingi kubwa, ulizeni: itafanya kazi gani, na waliobaki watakula nini?