Spana Itapita Wapi?



Naanza na aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa mhandisi kijana nilichora mashine ya kupukuchua mahindi. Mchoro ulipendeza, vipimo vilikubaliana, mkubwa wangu akatia sahihi. Siku ya kuunganisha mashine ya kwanza, fundi mmoja mtu mzima aliinama, akachungulia ndani, akaniuliza kwa upole: "Injinia, bolti naiona. Spana itapita wapi?" Haikuwa na pa kupita. Bati la mashine 30 lilikuwa limeshakatwa. Tulitoboa kila moja tundu la kupitishia mkono, na tundu hilo likawa linatema punje hadi mashine ilipochakaa.

Kosa lilikuwa lile lile tangu mwanzo. Kilichopanda ni bei yake. Kwenye karatasi lingefutwa kwa raba. Kwenye mashine ya majaribio lingetuharibia bati moja. Tulisubiri tukalilipa mara 30, na wakulima wakaendelea kulipa. Kwa hiyo ninaposema kupatia mara ya kwanza, sisemi msanifu asikosee; msanifu asiyekosea simwamini. Nasema akosee mapema, mbele ya mtu atakayekitengeneza kitu chenyewe.

Tulitazame jiko la mkaa lenye udongo ndani, lililoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980, ambalo pengine baadhi yenu mmeliacha nyumbani likiwa na maharage. Lilizaliwa kwa kuoanisha jiko la bati tulilolizoea na jiko la Thailand lenye umbo la ndoo. Wasanifu hawakuinakili ndoo. Walilipa jiko kiuno: koni mbili zilizokatwa vichwa, zikaunganishwa katikati. Udongo ukabaki nusu ya juu tu, kwenye moto. Kiuno kinaubeba usidondoke, jiko linakuwa jepesi, na tako pana linamvumilia anayesonga ugali kwa nguvu zake zote. Umbo moja, kazi tatu. Na fundi wa Shauri Moyo, Nairobi, analipata kwa nyundo na kipande cha reli, bila umeme.

Hapo tumemaliza umbo. Udongo nao una mambo yake. Hunywea unapokauka, ukanywea tena tanuruni, kwa jumla asilimia 5 hadi 12 hivi, kutegemea umechimbwa wapi na umechanganywa na nini. Chukua kikombe, yaani ule udongo unaokaa ndani ya jiko, kinachotakiwa kiwe na upana wa sentimita 25 kikishachomwa. Ikiwa udongo wako hunywea asilimia 8, kalibu iwe na sentimita 27.2. Sasa mvua imenyesha, shimo limejaa maji, mfinyanzi amehamia shimo jingine, na udongo wa huko hunywea asilimia 12. Kalibu ile ile, mikono ile ile, kikombe kinatoka na sentimita 23.9. Kikiingia kwenye bati kinacheza. Fundi bati anashindilia saruji nene, anapaka rangi, jiko linauzwa. Saruji na udongo havitanuki sawasawa vikipata moto. Haupiti muda mrefu, ufa huo, na mama aliyelinunua anasema majiko ya siku hizi ni ya kuibia watu.

Nani kakosa? Mfinyanzi hakubadilisha chochote anachokiona. Fundi bati aliletewa kikombe kimeshachomwa. Mimi namshika msanifu, aliyeandika kipimo asiandike namna ya kukilinda. Na dawa yenyewe ni rahisi: udongo mpya ukifika, finyanga kibao kidogo, chora mistari miwili iliyoachana sentimita 10, kikaushe, kichome, pima tena. Ukipata 9.2, endelea. Ukipata 8.8, simama, kalibu hiyo si yake. Udongo uwahi ungali maji: methali tumeifanya ya kulelea watoto, tukasahau kwamba mfinyanzi anaweza kuibandika ukutani kama kanuni ya kazi.

Kuna pia gari la Nyayo. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari. Yakajengwa matano ya mfano, yakafikia kilomita 120 kwa saa. Uzalishaji haukuanza; fedha zilikosekana. Siwacheki waliolijenga, kazi ile si mchezo. Ila magari matano hulelewa: kila kipande hupigwa tupa mpaka kikubali. Gari la elfu moja halina mlezi. Kipande chake kimetoka kwa mtu asiyekujua, tena Ijumaa jioni, na lazima kikae chenyewe.

Nimekuja na vikombe viwili vya jiko, nimevinunua asubuhi kwa muuzaji mmoja, bei moja. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Navigonga kwa ufunguo. Hiki kinalia kama kengele. Na hiki, sikilizeni, kinajibu kama papai bovu. Ufa umo ndani. Nilimuuliza muuzaji kama anajua kipi ni kipi kabla havijafungwa kwenye bati. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwao. Akatoa ufunguo wake, akagonga rafu nzima, akaweka vinne pembeni.

"Hivi," alisema, "vinasubiri wateja wasiogonga."