Ganda la Korosho na Moto wa Wengine



Korosho nyingi za Masasi na Newala husafirishwa ghafi kwenda Bara Hindi na Vietnam, nchi ambazo viwanda vyake vinaongezeka na kila siku vyataka moto. Huko kokwa huuzwa kwa faida, na ganda hukamuliwa mafuta yawakayo tanurini. Basi tunauza tunda, na kuni juu yake bure.

Masasi na Newala zilijengewa viwanda vya kubangua zamani, vingi vikafungwa. Sisi wenye duka twajua: auzaye gunia asijue kilichomo, hupunjwa. Pemba hata makonyo ya karafuu hutolewa mafuta. Kwa nini ganda la ndugu zetu lisikamuliwe kwao? Tulidai hilo kwa sauti moja.